ZUIO LA MAHAKAMA NA HASARA YA ASIYE NA KOSA

Kazi ya mahakama ni kutafuta ukweli na kutoa haki. Lakini iko saa moja ambayo mahakama hulazimika kutoa amri kabla haijaujua ukweli wenyewe. Saa hiyo ni ile ambapo mdai huingia mahakamani na hati ya kiapo mkononi, akaomba mpinzani wake azuiwe mara moja kuuza, kujenga, kuvuna au kusafirisha kitu fulani mpaka shauri lao litakapoamuliwa. Mashahidi hawajasikilizwa, vielelezo havijapokelewa, na pengine hata mdaiwa mwenyewe hajui kwamba ameshtakiwa. Hata hivyo amri hutolewa, na tangu dakika hiyo mdaiwa hufungwa mikono.

Hukumu ikija kuonyesha kwamba mdai alikuwa na haki, amri ile itakuwa imefanya kazi njema. Swali gumu huja pale inapodhihirika kwamba aliyekuwa na haki ni yule aliyezuiwa. Mali yake imeoza, soko lake limepotea, riba ya mkopo wake imepanda, naye hakuwa na kosa lolote. Nani alipe hasara hiyo? Swali hili halizungumzwi vya kutosha nchini, ingawa linamgusa kila mtu mwenye kiwanja, duka, shamba au chombo cha usafiri. Watumishi wa Serikali na walimu, ambao mara nyingi ndio wananchi huwakimbilia kwa ushauri wanapopokea karatasi yenye muhuri wa mahakama, wana sababu ya kulifahamu kwa undani.

Ngao na upanga

Ni lazima kwanza isemwe wazi kwamba zuio la muda ni jambo la lazima katika sheria. Bila zuio, mjanja angeweza kuiuza nyumba inayobishaniwa leo, akahama mji kesho, na mahakama ikabaki kutoa hukumu juu ya kitu ambacho hakipo tena. Mjane anayetishiwa kufukuzwa katika nyumba aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe hawezi kuambiwa asubiri miaka miwili ili mashahidi waitwe. Kwake yeye zuio ni ngao, na mahakama isiyokuwa na ngao ya kumpa mnyonge haifai kuitwa mahakama.

Lakini ngao hiyo hiyo ikishikwa na mtu mwenye hila hugeuka kuwa upanga. Mfanyabiashara anayetaka kumnyamazisha mshindani wake hahitaji kushinda shauri. Inamtosha kupata zuio na kuliacha likae. Mdaiwa sugu anayetaka kuchelewesha mnada wa dhamana aliyoiweka kwa hiari yake hahitaji kuthibitisha lolote. Inamtosha kuisogeza siku mbele. Kwa watu wa namna hiyo zuio ndilo ushindi wenyewe, na hukumu ikija kuwashinda huwakuta wamekwisha kupata walichokitaka.

Chukua mfano wa mtu mwenye lori moja alilolinunua kwa mkopo, na mwenzake wa zamani akadai mahakamani kwamba nusu ya lori hilo ni yake. Zuio linatolewa kwamba lori lisitembee wala lisiuzwe. Tuseme kwamba lori hilo, baada ya kulipia mafuta, dereva na matengenezo, humwachia mwenyewe shilingi 100,000 kwa siku, na kwamba hufanya kazi siku 26 kwa mwezi. Kwa mwezi mmoja mtu huyo hupoteza shilingi 2,600,000. Kwa miezi sita, shilingi 15,600,000. Wakati huo huo mkopo unadai, matairi yanapasuka kwa jua, na dereva amekwisha kwenda kutafuta riziki kwingine. Mwisho wa shauri mahakama ikitamka kwamba lori lilikuwa lake peke yake tangu mwanzo, atarudishiwa lori. Lakini shilingi 15,600,000 zake hatarudishiwa kwa tamko hilo peke yake.

Au chukua mfano wa chama cha msingi cha ushirika chenye korosho ghalani. Mnunuzi mmoja anadai kwamba aliahidiwa korosho hizo, anapata zuio, na msimu unapita. Bei inashuka, unyevu unaingia katika magunia, na wakulima waliokuwa wakingoja malipo ya kupeleka watoto shuleni wanabaki kuuliza habari za kesi ambayo majina yao hayamo. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi. Zuio lisilo na fidia huifanya methali hiyo iwe kama sheria ya nchi.

Mizani ya haki

Mahakama za Tanzania hazitoi zuio kiholela. Tangu Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi wake mashuhuri wa 1969, mwombaji hutakiwa kutimiza masharti matatu. Lazima aonyeshe kwamba kuna hoja nzito ya kuamuliwa katika shauri la msingi, na kwamba yumkini atashinda. Lazima aonyeshe kwamba bila zuio atapata madhara yasiyoweza kuponywa kwa hukumu ya baadaye. Tena lazima aonyeshe kwamba taabu atakayoipata akinyimwa zuio ni kubwa kuliko taabu ya mpinzani wake zuio likitolewa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifuata njia iliyo karibu na hiyo katika shauri la kutoka Kenya la 1973, na Baraza la Mabwana la Uingereza nalo likaeleza mizani yake mwaka 1975 katika shauri la kampuni ya American Cyanamid.

Vilevile Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya 1966, inayotumika Tanzania Bara, katika Amri yake ya 37, inaagiza kwamba mpinzani apewe taarifa kabla ya zuio kutolewa, isipokuwa pale ambapo kuchelewa kungeliondolea zuio maana yake. Baadaye, katika miaka ya 1990, liliwekwa sharti lenye manufaa makubwa: zuio lisidumu zaidi ya miezi sita, na likiongezwa muda, jumla yake isizidi mwaka mmoja, tena baada ya mahakama kuridhika kwamba aliyelipata amekuwa akifanya bidii shauri liishe. Sharti hilo lilikuwa dawa dhidi ya watu waliozoea kupata zuio na kulilalia.

Hata hivyo ni dhahiri kwamba masharti yote hayo yanahusu namna ya kuipunguza hatari ya kosa. Hayaiondoi. Hakimu anayepima taabu ya pande mbili siku ya kwanza anapima gizani, kwa kutumia viapo vya karatasi. Hata hakimu mwadilifu na mwenye akili nyingi atakosea mara kwa mara, si kwa uzembe wake bali kwa sababu hakuna binadamu awezaye kuusoma mwisho wa kitabu kabla ya kukifungua. Basi, ikiwa kosa haliepukiki, sheria haina budi kusema mapema ni nani atakayebeba gharama yake.

Ahadi mbele ya mahakama

Majaji wa Uingereza walikutana na swali hilo katika miaka ya 1840. Jibu walilolipata, ambalo huhusishwa na Jaji Knight Bruce, lilikuwa jepesi kulieleza. Yeyote aombaye zuio atoe kwanza ahadi mbele ya mahakama kwamba, ikija kuonekana zuio hilo halikustahili kutolewa, atalipa hasara iliyompata aliyezuiwa. Mwanzoni ahadi hiyo ilidaiwa kwa mazuio yaliyotolewa kwa kusikiliza upande mmoja tu. Baadaye ikawa desturi kwa mazuio yote ya muda.

Katika ahadi hiyo yamo mambo matatu ambayo kila mwananchi yafaa ayafahamu. La kwanza ni kwamba ahadi hutolewa kwa mahakama, wala si mkataba kati ya wagomvi wawili. Mdaiwa hawezi kuifungulia kesi kama deni la dukani; humwomba hakimu aitekeleze, na hakimu huangalia mwenendo wa pande zote mbili kabla ya kuamua. La pili ni kwamba mwombaji hulipa hata kama hakusema uongo. Hilo lilitiliwa nguvu na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1884. Aliyeomba kwa moyo safi lakini akashindwa bado hulipa, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka mwenzake afungwe mikono, naye ndiye aliyenufaika kwa muda ule. La tatu ni kwamba hasara inayolipwa ni ile tu iliyosababishwa na zuio lenyewe. Mahakama Kuu ya Australia ilieleza jambo hili mwaka 1981: hasara ambayo ingetokea kwa sababu tu kesi ilikuwapo, hata pasipo zuio, haimo katika hesabu. Mwenye lori katika mfano wetu atadai siku ambazo lori lilisimamishwa kwa amri. Hawezi kudai mteja aliyemkimbia kwa kusikia tu uvumi kwamba ana kesi.

Nchi nyingine zimeifikia shabaha hiyo kwa njia zao. Ujerumani imeandika katika sheria yake ya mwenendo wa madai, kifungu cha 945, kwamba aliyepata amri ya muda isiyostahili tangu mwanzo humlipa mwenzake hasara, bila kuulizwa kama alikuwa na nia mbaya. Marekani, katika mahakama zake za shirikisho, humtaka mwombaji aweke dhamana kwa kiasi ambacho hakimu anaona kinatosha kumlipa aliyezuiwa kimakosa. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa 1994 kuhusu haki za ubunifu nao unataka mahakama ziwe na uwezo wa kumwamuru mwombaji alipe fidia ipasayo iwapo amri ya muda imefutwa au imeonekana kwamba haki iliyodaiwa haikuvunjwa.

Jambo hili si la vitabuni. Katika Ulaya lilizuka katika biashara ya dawa, ambamo kampuni moja huizuia nyingine kuuza dawa ya bei nafuu kwa kudai hataza, na baadaye hataza yenyewe ikabatilishwa. Katika shauri la Bayer na Richter la 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba fidia si lazima itoke yenyewe kila mara. Mahakama ya nchi yaweza kuangalia mazingira yote, pamoja na mwenendo wa aliyezuiwa. Mwaka 2024, katika shauri la Mylan na Gilead kutoka Finland, lililohusu dawa ya virusi vya ukimwi, mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba nchi yaweza pia kuchagua njia kali ya kumtoza mwombaji bila kuangalia kosa lake, ilimradi hakimu aweze kukisawazisha kiasi cha fidia. Yaani njia ni zaidi ya moja. Lililokubaliwa na wote ni kwamba mlango wa fidia lazima uwepo na uwe wazi.

Sheria iliyorithiwa

Tanzania, kama Kenya na Uganda, ilirithi mengi ya mwenendo wake wa madai kutoka sheria ya India ya 1908. Sheria hiyo ya India ilikuwa na kifungu cha kumfidia mtu aliyekamatwa, aliyeshikiwa mali au aliyewekewa zuio bila sababu za kutosha, na sheria ya Tanzania ya 1966 ikajengwa kwa mfano huo. Kwa njia hiyo, mdaiwa huweza kuomba fidia katika shauri lile lile, bila kufungua kesi mpya, iwapo mahakama itaona kwamba zuio liliombwa bila sababu za kutosha, au kwamba mdai ameshindwa na hakuwa na msingi wa maana wa kufungua shauri.

Hapana shaka kifungu cha namna hiyo kina faida: ni njia fupi na ya gharama nafuu. Lakini kina udhaifu ulio wazi. Kwanza, kinamtaka aliyeumia aonyeshe kwamba mwombaji hakuwa na sababu za kutosha. Mwombaji aliyekuwa na sababu za kutosha siku ya kwanza, lakini akashindwa siku ya mwisho, anaponyoka. Pili, India kwenyewe kiwango cha juu cha fidia kwa njia hiyo kiliwekwa kuwa rupia 1,000 mwaka 1908, na kikakaa hivyo kwa zaidi ya miaka tisini, mpaka marekebisho yaliyoanza kutumika 2002 yalipokipandisha kuwa rupia 50,000. Fedha zilizoweza kununua ng'ombe zamani za mkoloni haziwezi kuwa kipimo cha hasara ya kiwanda. Tatu, anayeichagua njia hiyo fupi na kupewa amri hawezi tena kufungua kesi nyingine kudai fidia kwa zuio lile lile. Asiyekuwa na wakili huweza kuingia katika mlango huo bila kujua kwamba nyuma yake mlango mkubwa unafungwa.

Ndiyo sababu ahadi inayotolewa mbele ya mahakama, pamoja na uwezo wa hakimu wa kudai dhamana ambao umo katika Amri ya 37, ni silaha bora kuliko kifungu hicho cha kale. Hazihitaji Bunge kukaa upya. Zinahitaji tu hakimu aulize, karani aandike, na wakili akumbushe.

Tena hazipingani na Katiba, zinaitekeleza. Marekebisho ya Katiba ya 2000 yaliweka katika Ibara ya 107A kanuni ambazo mahakama hutakiwa kuzifuata. Miongoni mwake ni kutenda haki kwa wote bila kujali hali ya mtu ya kijamii au ya kiuchumi, kutochelewesha haki bila sababu ya msingi, na kuwapatia fidia ipasayo watu walioathirika kutokana na makosa ya wengine kwa mujibu wa sheria zilizotungwa na Bunge. Mtu aliyefungiwa lori lake kwa madai yasiyo na mguu wala kichwa yumo ndani ya kanuni zote tatu: alitendewa kinyume cha haki yake, alicheleweshwa, na anastahili kufidiwa.

Vipi kuhusu maskini?

Wako watakaouliza, na swali lao ni la haki, iwapo sharti la ahadi na dhamana halitamfungia maskini mlango wa mahakama. Tajiri atasema, "Naahidi," na benki itamthibitishia. Mjane wa kijijini ataahidi nini? Kama kila aombaye zuio atatakiwa aweke mamilioni, ngao itabaki kwa wenye nazo, na wanyonge watapigwa hadharani.

Hoja hii haiwezi kupuuzwa katika nchi iliyojengwa juu ya imani kwamba binadamu wote ni sawa. Jibu lake lakini si kuifuta fidia, kwa kuwa aliyezuiwa naye huenda akawa ndiye maskini. Jibu ni kumwachia hakimu nafasi ya kupima. Uingereza ilikutana na mkasa huo katika shauri la Jambo Holdings, lililochapishwa katika taarifa za sheria za 1980. Mjane mmoja, ambaye mumewe aliuawa na rafadha ya ndege, aliomba ndege hiyo isiondoke nchini mpaka dai lake lisikilizwe. Alikuwa akisaidiwa na mfuko wa Serikali wa msaada wa kisheria, na ahadi yake ya fidia isingeweza kulipa thamani ya kusimama kwa ndege hata kwa siku chache. Mahakama ya Rufani, chini ya Lord Denning, ilikataa kumwadhibu kwa umaskini wake. Zuio likabaki.

Funzo lake ni kwamba ahadi ni kanuni, na umaskini wa kweli ni sababu ya kuilegeza. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2017. Mwombaji anayesaidiwa chini ya sheria hiyo, mwenye hoja nzito na anayelinda makazi au shamba analolitegemea kwa chakula, aweza kupewa zuio kwa ahadi ndogo inayolingana na uwezo wake. Lakini mtu mwenye magari matatu na nyumba za kupangisha asijifiche nyuma ya kanga ya mjane. Ni hao hasa ambao hupata mazuio mengi kwa kuwa wanaweza kuwalipa mawakili, na ni hao ambao sharti la dhamana lingewafanya wafikiri mara mbili.

Dola na manufaa ya umma

Liko pia suala la Serikali. Mwaka 1974 Baraza la Mabwana la Uingereza liliamua shauri kati ya Serikali na kampuni ya Hoffmann-La Roche, iliyokuwa ikiuza dawa za Librium na Valium kwa bei ambayo Serikali iliiona ya kuwanyonya wananchi. Serikali ilitoa agizo la kupunguza bei na ikaomba zuio ili agizo lake litiiwe. Kampuni ikataka Serikali iahidi fidia. Mabwana walikataa: Serikali inapoisimamia sheria ya nchi kwa manufaa ya umma, haitakiwi kwa kawaida kutoa ahadi ile inayotolewa na mtu anayegombea mali yake. Mahakama ya Juu ya Uingereza ililirudia wazo hilo mwaka 2013 kwa chombo cha kusimamia shughuli za fedha.

Msimamo huo una busara. Ofisa wa afya anayezuia chakula kibovu, au anayelinda chanzo cha maji, asitetemeke kwa kuogopa kulipa. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Mashauri ya Serikali ya 1967, imeweka kwamba katika mashauri ya madai mahakama haitoi zuio dhidi ya Serikali, bali huweza kutamka haki za pande mbili, kwa kutazamia kwamba Serikali italiheshimu tamko hilo.

Lakini upendeleo huo una deni lake. Cheo ni dhamana, na kinga nayo ni dhamana. Ofisa anayejua kwamba hawezi kuzuiwa, wala hatadaiwa ahadi, ana wajibu mkubwa zaidi wa kuchunguza kabla ya kufunga duka la mtu au kusimamisha ujenzi wake. Mwananchi akimwona mtumishi wa umma akiitumia kinga ya Serikali kumalizia ugomvi wake binafsi, imani yake huvunjika, na imani iliyovunjika hakuna fidia inayoweza kuirudisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La kufanya

Mambo ya kufanya yako wazi, na mengi hayahitaji fedha. Kila hati ya kiapo inayoomba zuio iwe na aya inayoeleza kama mwombaji yuko tayari kulipa hasara, na ana mali gani ya kuitegemeza ahadi yake. Asiye na mali aseme hivyo, aeleze na sababu za kuhurumiwa. Hakimu aiandike ahadi hiyo ndani ya amri yenyewe, si pembeni, ili mdaiwa anapoletewa amri asome katika karatasi moja wajibu wake wa kutii na haki yake ya kufidiwa. Pale ambapo zuio litasimamisha biashara au mavuno, dhamana idaiwe, na kiasi chake kikadiriwe kwa hesabu ya hasara ya siku hadi siku, mfano wa lile lori.

Mwombaji anayesikilizwa peke yake aeleze yote anayoyajua, hata yale yasiyompendeza. Akificha, zuio lifutwe, na kuficha kwake kuhesabiwe wakati wa fidia. Zuio linapokwisha muda wake au kufutwa, mahakama iliyolitoa isikilize ombi la fidia bila kumlazimisha aliyeumia kuanza upya kwa ada mpya na namba mpya ya shauri.

Mdaiwa naye ana wajibu. Amri ya mahakama hutiiwa hata kama imekosewa, mpaka ifutwe. Anayeivunja huhatarisha mali yake na uhuru wake, na huipoteza nafasi ya kufidiwa. Badala ya kuivunja, aombe irekebishwe. Aandike kila siku iliyopotea: risiti, barua za wateja, hesabu za ghala, malipo ya mkopo. Afanye pia awezalo kuipunguza hasara, kwa kuwa mahakama haitamlipa mtu aliyekaa akitazama magunia yakilowana wakati turubai lilikuwapo. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni lisiloandikwa halilipiki.

Wako pia watu wa tatu, wale wapagazi, madereva na wakulima ambao hawamo katika kesi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilionyesha mwaka 2006 kwamba ahadi iliyotolewa kwa ajili ya mdaiwa peke yake haiwafikii watu wengine, hata kama wameumia. Hakimu anayejua kwamba nyuma ya mdaiwa wako watu mia wanaotegemea ghala lile anaweza kudai ahadi itakayowataja na wao. Asipofanya hivyo siku ya kwanza, siku ya mwisho atakuwa hana la kuwapa.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hatua hiyo, kisingizio cha zamani kwamba mwananchi hakuielewa karatasi aliyoletewa kimepungua nguvu, na wajibu wa waliosoma umeongezeka. Mwalimu wa uraia aweza kulifundisha somo la zuio na fidia kwa mfano wa shamba na mbuzi, na mwanafunzi akalifikisha nyumbani jioni ile ile. Mtendaji wa kata aweza kumwambia mwenye duka lililofungwa kwamba kutii si kukubali kushindwa. Wanasheria wa halmashauri na mashirika ya umma waweza kuanza leo kuandika ahadi ya fidia katika maombi yao wenyewe, pale ambapo mashirika hayo yanagombea mali kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Mahakama itaendelea kutoa mazuio, na inapaswa kuyatoa. Anayeiomba ishike mkono wa mwenzake gizani aandike kwanza kwamba taa ikiwashwa, na ikaonekana mkono ule haukuwa wa mwizi, atalipa.